Kopi za mwezi wa nne na matanga ya Jumapili

Mpendwa Mama Esperance wa gazeti, naomba msaada, mi Wilondja wa hapa kambi ya Dzaleka, kila asubuhi napanda minibasi mpaka Lilongwe kuchunga seva ya ofisi moja ya kanisa, ile yenye liste, orodha ya batu baliopotezana kwa vita, na sababu laini ya kuleta liste kutoka Ulaya iko polepole sana, mwezi wa nne niliweka diski ya pili, kubwa, ya kutunza kopi tu, ili mtu akiuliza apewe kopi palepale, na batu balinisifu, lakini sikupatia kopi siku ya kuisha, niliandika tu seva ifute za zamani wakati diski inajaa, na diski haijajaa hata nusu.

Mama Marguerite wa Uvira anakuja kila Ijumaa kutafuta bwana yake Gaspard, kila Ijumaa naangalia kopi, namwambia bado, ananijibu zikomo, asante ya batu ba hapa. Sasa ni mwezi wa nane, amechoka, anamaliza matanga Jumapili hii, mchele umenunuliwa na mchungaji ameitwa. Juzi nilifuta kopi zote nikijaribu kebo mpya, liste ikakuja mpya, na Gaspard iko pale tangu mwezi wa tano, mzima, kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Nikisema, kazi imekwisha. Nikinyamaza, labda mwingine atamuonyesha. Nifanye je?

Wilondja, nakujibu kwa mkono leo Alhamisi, gazeti litangoja. Pole, lakini wacha kujihurumia. Aliyekimbia na nguo moja anaogopa kutupa kitu, sisi bote tuko hivyo. Ila kopi si nguo. Na huyo "labda mwingine" umemtoa wapi? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nilimuuliza Christian anayefundisha ordinateri, kompyuta, hapa. Anasema kutenga diski ya kopi ulifanya vizuri, kosa ni kuiachia diski ikuamulie. Kila kopi iishe baada ya siku moja, diski ijae isijae, na juu ya liste iandikwe tarehe ililetwa. Kisha uende mwenyewe kwa mkubwa wako umuambie yote, na utafute bengine bote uliobajibu "bado".

Lakini hayo ni ya kesho. Leo chapa ule ukurasa, uende kwa Marguerite, usianze na habari ya diski. Mwambie, "Mama, Gaspard iko Nyarugusu, mi ndiyo nilikosa." Akikutukana, nyamaza.

Mchele bamekwisha kununua. Jumapili bapike tu.