Vipande Ulivyoviacha Juani

Mwaka umetimia, kitinda mimba wetu, tangu ututoke. Mwaka mmoja tu ndio uliowaomba wakubwa wa kazini kwako, na hata huo hawakukuachia.

Ulikuwa ukirudi kutoka maabara vidole vimeingia rangi ya bluu, sabuni haifui dafu. Wanangu wakakubatiza Mama Wino. Ulicheka, ukawafukuza uani ukitaka kuwapaka puani.

Kazi yako ulinieleza nikiwa kwenye cherehani. "Dada, jua likiipiga plastiki yetu ya kufua umeme, elektroni inaruka. Isipopata wa kuipokea inarudi ilikotoka, na umeme hakuna. Mimi natafuta huyo mpokeaji."

"Miaka yote hii unatafuta mpokeaji, na mume je?"

"Wanaume hata simu hawapokei."

Wapokeaji wa zamani, ulisema, ni ghali na mwanga mwingi unawapita. Wapya wanaunasa vizuri, ila jua likiwakalia wanachoka. Ukachanganya, ukapika, ukamwaga, ukaanza upya. Siku mchanganyiko ulipoharibika ulitangaza mlangoni, "Leo nimepika tope," kisha ukala kama aliyetoka kulima. Mfagizi wa maabara alitusimulia kuwa chupa zenye sumu uliziosha mwenyewe, asije akadhurika yeye.

Mwishowe ulimpata mpokeaji uliyemwamini. Ulimpaka kwenye vipande vya plastiki ukavipandisha juu ya paa la kazini, vikae juani mwaka mzima, umeme wake ukipimwa. Kisha ugonjwa ukaja mbio. Pale kitandani hospitali hukutuomba kingine. "Mwambieni mkuu asivishushe."

Tulimwambia. Siku ya maziko mkuu wa maabara alisimama mbele ya watu wote: "Vile vipande vitamaliza mwaka wake. Naiahidi familia." Mama alimshika mikono yote miwili akamshukuru.

Mvua hazijaanza, mwenzako wa meza moja pale maabara akaja nyumbani. Hata kiti alikikataa. Vipande vilikuwa vimeshushwa kupisha viyoyozi vya ofisi ya mkuu, vikatupwa. Kipimo cha mwisho, alisema, kilikuwa bado kizuri.

Kaka alikwenda kuuliza.

"Bwana, yale yalikuwa majaribio tu," mkuu alimjibu.

"Na ahadi yako mazikoni, nayo ilikuwa majaribio?"

Mlinzi alimsindikiza kaka hadi getini.

Kweli, asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye taarifa yao wameandika kwamba mpokeaji wako hakuweza kuthibitishwa. Nani angemthibitisha, na wao ndio waliomtupa? Kama angeumaliza mwaka au angechoka njiani, sasa hakuna ajuaye. Tunaandika hapa ili anayesoma ajue kwamba hukushindwa. Walikukatiza.

Wiki iliyopita walituma mtu kuomba picha yako, waitundike ukumbini kwa heshima. Mama alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, rudi uwaambie hivi. Kazi yake wameitoa juani, sura yake hawataiweka kivulini." Picha tunayo sisi.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, dada yako fundi cherehani, kaka yako dereva, wifi yako, shemeji yako, na watoto wote wanaokuita mama mdogo na shangazi.

Hatutakusahau kamwe. Wala ile ahadi hatutaisahau.