Mpangaji wa Chumba cha Mbele

Hastings,
tarehe 9 Mei, 1994

Dada yangu Hilda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limekuachia tangu baridi ipungue. Mimi nipo. Kifua kinanisumbua asubuhi, mchana kinanisahau. Nimefurahi kusikia kwamba mjukuu wako amejifungua salama, na nimesikitika kwamba sikio lako la kulia nalo limekufa. Mitambo ya kufumia imewadai masikio wote mliofanya kazi kiwandani, hata baada ya viwanda vyenyewe kubomolewa.

Umeniuliza mara mbili sasa, na sikukujibu. Unasema tangu mumeo Wilf atutoke nyumba imekuwa kubwa mno, chumba cha mbele umekipaka rangi mpya, nije Accrington tuzeeke pamoja. Mwenye nyumba yangu hapa anauza, na ifikapo Juni sina pa kulala. Kwa hiyo nakujibu leo, lakini jibu lina njia ndefu, univumilie.

Unakumbuka nilipokwenda London kusomea uigizaji, nikiwa na sanduku la marehemu baba na koti lako. Wiki ya kwanza, mwalimu wetu wa matamshi, Bi Fanshawe, alinisikiliza nikisoma ukurasa mmoja, akavua miwani. Aliniambia, "Edna, mpenzi, umekuja na viwanda vyote vya Lancashire mdomoni. Tutavitoa kimoja kimoja." Akanipa kizibo cha chupa nikiume kati ya meno na kusoma kwa sauti, kila siku, hadi mate yakanichuruzika kidevuni. Mwaka wa pili alinipa jina, Helena Marchmont. Alisema hakuna atakayekata tiketi kumwona Edna Birtwistle.

Sikatai, kizibo kile kilinilisha. Nilizunguka miji yote ya nchi hii na makundi ya maigizo, treni za Jumapili, vyumba vya kupanga vinavyonuka kabeji, wenye nyumba wanaofunga bafu kwa ufunguo. Nilicheza wake wa mabwana wakubwa. Nilijua kushika kikombe cha chai na kuvunja moyo wa mwanamume bila kumwaga hata tone. Huko Bath gazeti liliandika kwamba nimezaliwa ikulu. Nililikata nikamtumia Mama, ukaniambia alilitandika chini ya kikaango.

Kisha watu wakachoka na vikombe vyetu. Ghafla kila jumba la maigizo likataka jikoni, masizi, na watu wa kaskazini. Mwaka 1961 mwongozaji aitwaye Desmond Lyle alikuwa anatafuta mwanamke wa kucheza mjane wa kiwanda cha pamba. Nilipoumaliza mchezo ule, Hilda, niliurudia tangu mwanzo. Mjane yule alikuwa Mama mtupu, hana hata pazia la kumficha. Nikaenda kwenye majaribio. Nilisoma ukurasa wa mwisho, nikaishia kabla ya mstari wenyewe wa mwisho, kwa sababu sisi waigizaji hatuusemi kwenye mazoezi. Tunaamini ni mkosi. Husemwa kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji, usiku wa kufungua.

Lyle alininyamazisha kwa mkono. Akasema, "Helena, unamwigiza mtu wa kaskazini. Sitaki kuigiziwa." Nikamwambia nimezaliwa Accrington, huko huko kaskazini. Akawageukia wenzake, akasema, "Na mimi nimezaliwa mwezini." Wakacheka. Hata hivyo alinihurumia, akaniambia atanisikiliza tena baada ya Pasaka.

Hapo ndipo nilipopiga simu dukani kwa Bi Entwistle, jirani yako, naye akakuita. Nilikueleza yote. Nilikuambia nataka kuja kukaa nawe wiki chache tu, nikusikilize unavyosema, nirudishiwe mdomo wangu. Uliniambia chumba cha mbele kina mpangaji, mwalimu wa shule, na juu watoto wamebanana. "Ngoja Pasaka ipite, mdogo wangu," ulisema. Pasaka ilipopita, kazi alikuwa ameipata Cecily Thorne, binti wa daktari wa Guildford huko kusini, mtu ambaye alikuwa hajawahi kuona moshi isipokuwa wa sigara.

Nilikwenda kumtazama usiku wa kufungua. Nilikwenda nikiomba aanguke. Hakuanguka. Pale mwishoni, binti anapoondoka nyumbani, mjane alisimama dirishani, akaweka vidole viwili kwenye mfupa wa shingo, akausema mstari wa mwisho kwa midomo tu, bila sauti, kama mlivyokuwa mkizungumza kiwandani katikati ya kelele za mitambo. Lyle mwenyewe hakuwa akijua kwamba angefanya hivyo. Roshani nzima ililia. Mimi nilikuwa mtu pekee mle ndani niliyeweza kuisoma midomo ile, na niliona asubuhi niliyoondoka, Mama akiwa nyuma ya kioo cha chumba cha mbele, vidole shingoni, akiniambia hivyo hivyo: ukichoka, rudi.

Nilijidanganya kwamba huenda kila mama wa kiwanda alimuaga mwanawe hivyo. Ilinibidi nijidanganye, ili niweze kulala.

Baada ya hapo Cecily akawa Cecily, unamjua. Mimi nikawa shangazi anayeingia na barua kwenye trei, kisha sauti ya kutangaza sabuni redioni. Mwishowe nilihamia hapa kufundisha wasichana wa Hastings waseme kama mimi. Siku hizi hata wao hawaji. Hakuna anayetaka kusema kama mimi.

Cecily alifariki Februari. Mwezi uliopita ilifanyika ibada ya kumkumbuka, katika kanisa la waigizaji kule Covent Garden, nami nikaenda, kwani kwa umri wetu mtu huhudhuria hata ya maadui. Kwenye chai, mumewe Aubrey aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia, uso ulimng'aa. Alisema Cecily alikwenda huko kujifunza usemi wa watu wa kaskazini, kabla ya kupata kazi iliyomjenga, akapanga kwa mwanamke aitwaye Hilda, mcheshi ajabu, aliyemlisha utumbo wa ng'ombe na vitunguu mpaka akauzoea. Alisema yule Hilda alimfundisha kila neno, na jinsi ya kusema kwa midomo, na namna mama yake alivyosimama dirishani. Walitumiana kadi kila Krismasi.

Halafu akacheka, maskini, hakujua anazungumza na nani. Alisema Cecily alimuuliza mwenyeji wake kama hana mtu wake mwenyewe wa kumfundisha. Naye Hilda akamjibu, "Ninaye mdogo wangu. Akija hapa hunirekebisha matamshi mbele ya wanangu. Wewe angalau unanisikiliza."

Ni kweli nilikurekebisha. Usidhani hilo linaupunguza uchungu. Ulijua yule si mwalimu wa shule. Ulinisikia kwenye simu nikiomba, ukarudi nyumbani, ukampa mgeni Mama yetu.

Miaka thelathini na mitatu nimemlaumu Bi Fanshawe na kizibo chake.

Sasa jibu lako. Nakuja. Nitafika Jumamosi ya tarehe nne Juni, treni ya mchana. Nakuja kwa kuwa sina kwingine, na kwa kuwa umebaki wewe tu duniani mwenye sauti ya Mama, na bado nataka kuisikia. Chumba kiwe kile kile. Kama umebadilisha kitanda alicholalia Cecily, kirudishe.

Ukisikia teksi, au mtu akikuambia imefika, usikimbilie mlango. Njoo dirishani. Ninalo neno moja kwako, na sitaliandika hapa, kwa kuwa barua hii ni mazoezi tu. Nitasimama nje na sanduku langu nilitamke bila sauti. Litazame hadi mwisho, ndipo uamue kama utafungua.

Nisalimie wajukuu, na huyo mchanga umbusu utosini. Mwambie mwana wa Bi Entwistle nimeukumbuka mkate wa mama yake. Goti lifunge kitambaa cha sufu, usiwe mkaidi.

Ni mimi, mdogo wako,
Edna