Fungate Uliyonipangia

Shangazi, shikamoo.

Marahaba yako sitaisikia tena, ila siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nimeolewa. Rajabu ni mzuri kuliko nilivyokuwa nikikueleza, na nilikuchosha kwa kukueleza. Asubuhi ananichana nywele, vibaya mno, huku anaimba. Harusi ilifanyika siku ileile iliyopangwa, kama ulivyousia kabla ya kukata roho: "Isisogezwe hata nikifa." Nililia. Nikasema, hata kifo hakikukuzuia kunifikiria.

Jana mtani wako, Bi Tausi, alituletea uji wa fungate. Akajifunga kanga kama wewe, akaburuta mguu kama wewe, akasema kwa sauti yako: "Mwekeni ndani kabla jua halijapatwa. Biharusi hatoki mpaka siku saba ziishe. Akitaka giza, si lipo chumbani?" Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaona hakuna aliyeshangaa. Walijua wote. Na mtani hamsingizii marehemu, humwiga alivyokuwa.

Shangazi, ni wewe uliyekaa nami jikoni ukishika kioo juu ya kibatari kipate masizi, tusiumie macho tukienda Bukoba kuliona jua likipatwa. Uliniuliza treni ya Mwanza inaondoka saa ngapi, na kwenye meli ya Bukoba watu wanalala wapi. Nilipokueleza tulivyofundishwa shuleni, mwezi unavyopita mbele ya jua, ulisema, "Endelea, mwanangu, napenda ukinieleza." Kumbe siku ya harusi ulikwisha kuipanga na wazee, jua lipatwe nikiwa ndani. Kama uliogopea macho yangu, au uzazi wangu, ungesema. Ningegombana nawe. Labda ningekusikiliza. Sasa nigombane na nani?

Nilipomwambia Rajabu, alisema, "Fungate ni yetu, mke wangu. Tutaimalizia melini." Mama yake amenuna. Bi Tausi amesema atawatangazia watu kwamba tumechukuliwa na shetani, kisha akatufungia maandazi ya njiani.

Treni ni leo mchana.

Kwaheri, Shangazi. Lala salama huko Kwihara. Kukusamehe bado sijaweza, na sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Lakini tukirudi nitakuja, nikae kando ya kaburi lako, nikusimulie tangu jua lilipoanza kumegwa mpaka liliporudi. Sitaruka kitu. Nawe safari hii utasikiliza mpaka mwisho.

Mwanao,
Zuhura