Keni Ambayo Aloisi Hakuimaliza

Alhamisi. Asubuhi baridi, mchana jua kali.

Kwa kugonga bati, toka Kiboriloni mpaka Holili hajazaliwa wa kunifikia. Leo hata mlima umejifunua mapema, nadhani ulitaka kuniona kazini. Shule niliiacha darasa la tano, nilipoona walimu wananichelewesha.

Basi, karakana yetu ya ushirika inatengeneza keni za kumwagilia miche ya kahawa, za kijiji kimoja cha ujamaa. Tulizopeleka mwanzo zinamwaga maji kwa kishindo, miche inang'oka. Kesho bwana wa kitalu cha kijiji hicho anakuja. Akikuta keni ni zile zile, kazi anaipeleka kwingine, na sisi tunarudi kuziba masufuria.

Aloisi, jirani yangu wa benchi, kaingia anaimba. Mkewe kajifungua mtoto wa kike, na ametoka kumpelekea mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wa wazazi. Siku zote huyu hasemi neno mpaka anywe chai. Leo anagonga kwa mdundo, wenzake wanaitikia. Mara kaokota keni mbovu, anaipindua huku na huku, macho yanamng'aa.

"Jamani, nimepata. Tukichukua huu mdomo..."

Na mimi nitaachaje nafasi kama hiyo?

"Baba binti, hiyo ni keni au bakuli la mtori?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Hata yeye alicheka. Kisha akaiweka ile keni chini ya benchi, taratibu, akarudi kwenye ndoo zake.

Wimbo haukurudi.

Mchana Mzee Temu, msimamizi wetu, akamwuliza, "Aloisi, asubuhi ulitaka kusema nini?"

"Hamna kitu, mzee. Ulikuwa mchezo tu."

Nikajitosa mimi. Nimetoboa matundu, nimelehemu, nimeharibu bati zima. Maji bado yanaanguka kama yamesukumwa. Mikono ni ile ile ya jana, ila akili haiji. Asubuhi palikuwa pamechangamka, kila mtu ana la kusema. Mchana kimya kama msibani, hakuna aliyetoa wazo hata la kijinga. Nani athubutu, na ulimi wangu upo pale?

Jioni nilimfuata, nikakuta ameshawahi kwa binti yake. Nimeitoa keni yake chini ya benchi, nimeitazama mpaka nimechoka.

Kesho nitamsubiri mlangoni kabla Mzee Temu hajafungua. Sijui kama atakuja anaimba.

Fundi mkubwa mimi, na sijui ule mdomo alitaka kuufanya nini. Sikumwacha amalize.