Dawa ya Sikio Iliyobaki

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako ilinikuta nafua nepi, nikaisoma na mapovu mikononi. Nimecheka kusikia mwanao anakuita "wewe" kama baba mwenye nyumba. Wangu ana meno sita na anaringa kama ana thelathini.

Umeniomba ile dawa ya sikio iliyobaki, kwa kuwa wako naye anaumwa sikio. Sikutumii, na usininunie. Haikupaswa kubaki. Niliambiwa nimpe wangu siku saba. Siku ya nne homa ikashuka, usaha ukakauka, nami nikaacha kumpa, nikaificha chupa kabatini nikijiona mama mwenye akili. Wiki iliyofuata usaha ulirudi na ngoma ya sikio lake la kushoto ikatoboka. Muuguzi wa zahanati hakunigombeza, alinishika bega tu, na hilo ndilo lililoniliza.

Kesho asubuhi mpeleke zahanati, apimwe, apewe yake, na aimalize hata akiwa anarukaruka.

Wangu sasa yuko kwenye dozi mpya. Wanasema kidonda kitapona, ila kuhusu kusikia tusubiri. Kwa hiyo siku hizi namwita nikiwa upande wake wa kulia, naye hugeuka akicheka.

Ni mimi dada yako, ninayekukatalia kwa kukupenda.