Redio Isizidi Namba Mbili

Kwako Dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na wanao wote, na naomba barua hii iwakute wazima na kazini kwako kukiwa na amani. Lile goti linalokusumbua ukipanda ngazi za ofisini limepoa? Usilidharau. Sisi huku tunapumua, na mama anakula kidogo kidogo. Nasema tunapumua kwa sababu sitaki kuanza kwa uongo.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu siku hizi nimekuwa mtu wa ehee na sawa sawa, na mara mbili umenifokea kwamba najibu nisichoulizwa. Karatasi ni afadhali. Isome ukiwa umekaa, na tafadhali shemeji asikutangulie kuisoma.

Nataka kukueleza mama alivyoanguka. Wewe uliambiwa aliteleza akifuata maji, basi. Ni kweli aliteleza, ila habari yenyewe inaanzia mbali kidogo.

Mwaka jana mama alipopata kiharusi, upande wa kulia ukakataa kazi na sauti yake ikabaki ndogo. Ulisimama hapa sebuleni, katikati ya redio zangu zilizofumuliwa, ukaniambia kwamba nikitaka mama abaki kwangu, redio isizidi namba mbili, ili akiita kutoka chumbani nimsikie. Ukaongeza kwamba siku ukijua ameita akakosa mtu, utakuja kumchukua siku hiyo hiyo. Kisha ukatoa rangi yako ya kucha, ile nyekundu, ukatia alama kwenye namba mbili ya kitufe cha sauti. Nilicheka, lakini nilikula kiapo. Na sikuvuka alama ile hata mara moja, Dada. Hilo lishike, maana hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Sasa fundi wa redio kuambiwa asikilize kwa namba mbili ni sawa na mpishi kuambiwa aonje kwa pua. Watu hawajui kwamba ukipunguza sauti, haipungui yote kwa pamoja. Besi ndiyo hutangulia kukimbia, na vile vikengele vidogo vya juu hufuata, ukabaki na sauti kavu ya katikati, ya mtu anayesoma tangazo. Nikajiapiza kwamba mimi, fundi wa miaka ishirini na mitatu, nitaifanya namba mbili inishibishe.

Zile spika mbili za baba nilizitoa chini kwenye rafu, zilikokuwa zinaimbia magoti, nikazipandisha juu ya stuli zilingane na masikio. Nikazisogeza nyuma karibu na ukuta mpaka besi ikarudi. Kiti changu nikakivuta karibu. Aisee, kwa wiki tatu nilikuwa mfalme! Nikawa namwita kila mteja aketi asikie, na mama akawa ananitania kutoka kitandani kwamba ipo siku nitaoa spika.

Halafu sauti ikaanza kunywea. Kitufe kiko palepale kwenye alama, kiti palepale, lakini muziki umekonda. Nikabadilisha nyaya. Nikalaumu unyevu, nikalaumu panya, nikafungua spika zote mbili na sikuona kasoro. Nikavuta kiti tena, na mwezi uliofuata nikakivuta tena, mpaka nikawa nimekaa mkono mmoja tu kutoka kwenye spika. Usiniulize kwa nini sikushangaa. Kila kifaa kibovu kinachoingia hapa ndani huwa ni kazi yangu kukitengeneza, na sikuwahi kudhani kibovu kinaweza kuwa kitu kingine.

Wakati huohuo yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona alirudisha redio yake, akasema tangu niitengeneze inapiga mluzi mpaka mkewe anaumwa kichwa. Niliiwasha mbele yake, nikasikia sauti safi kabisa. Nilipandwa na hasira, nikamwambia akapime masikio yake. Mzee wa watu alinitazama kwa huruma, akabeba redio yake akaondoka.

Mwishowe nikaona dawa ni kubadilisha kitufe chenyewe cha sauti. Nilikuwa na kingine kwenye kopo la vipuri, nikakichomelea vizuri, na alama yako nyekundu nikaihamishia kwenye namba mbili ya kitufe kipya kwa uaminifu wote. Nikawasha. Dada, nilitaka kulia. Besi ilikuwa inagusa kifua, waimbaji wamesimama mbele yangu, na ni namba mbili tu! Nikajipiga kifua kwamba nimeweza.

Tangu siku hiyo niliona mambo na sikuyatilia maanani. Jirani yetu mshonaji, tunayegawana naye ukuta, alianza kufunga dirisha lake mchana kutwa, na joto lote lile. Mama naye nikawa namkuta amejifunika kona ya shuka sikioni. Nikadhani ni baridi ya ugonjwa, nikamwongezea blanketi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Nilimlaza mama, nikakaa kwenye kiti changu, nikasikiliza kanda nzima, pande zote mbili, kisha nyingine. Karibu saa mbili zilipita. Nilipoinuka kwenda kumgeuza ubavu, nilimkuta sakafuni kati ya kitanda na meza, mguu umekaa vibaya, kikombe kimevunjika, midomo imekauka. Alikuwa anatazama mlango. Fimbo yake ilikuwa mkononi, na ukutani lipu ilikuwa imebanduka pale alipogonga.

Hospitali daktari alimuuliza kama aliita msaada. Mama akasema, na daktari akarudia kwa sauti huku akiandika, kwamba hakuita, alijiona ana nguvu, akataka kujaribu mwenyewe. Mimi nilisimama pembeni, na jioni nikakupigia simu nikakupa maneno hayohayo. Ukamlaumu mama kwa ubishi. Nikakuacha umlaumu.

Siku ya tatu mshonaji alikuja kumwona. Akaniambia kwamba Jumatano ile alimsikia mama akiniita kwa jina, mara nyingi, kila wimbo mmoja ulipokwisha na mwingine haujaanza. Alidhani nimekwenda kumsikiliza. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kwa nini siku hizi nafungulia muziki mpaka unasikika barabarani. Nikamvuta mkono nikamwonyesha alama nyekundu kwenye namba mbili. Aliitazama ile alama, akanitazama na mimi, akaaga.

Alipotoka nilifungua ile redio, nikajua. Kitufe cha zamani kilikuwa kinapandisha sauti polepole, na hiki kipya kinaipandisha kwa pupa mwanzoni. Mbili yake ni kama tano ya kile. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua hilo. Mimi nilijidanganya kwa namba, kwa sababu masikio yangu hayakuweza kunikanya.

Na sasa, Dada, niseme lililonifanya nishike kalamu. Nilikuwa najua. Miezi mitatu kabla mama hajaanguka, baada ya ugomvi na mwalimu, nilikwenda kliniki kimyakimya. Muuguzi alinivika vile vya kusikilizia, akanipa kitu cha kubonyeza kila nitakaposikia mlio. Nilikaa nikisubiri aanze, nikisubiri, mpaka akaja kunivua. Alikuwa amemaliza. Daktari akaniandikia kwenye karatasi kwamba sikio la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Niliikunja ile karatasi nikaitupa njiani. Niliogopa kukosa wateja, ni kweli, lakini kubwa zaidi niliogopa kwamba utamchukua mama nibaki peke yangu nyumba hii. Ndiyo maana nilifanya kila kitu kionekane kama zamani. Nimemwacha mama yetu aite kwa saa mbili nzima ili mimi nisiitwe kiziwi.

Tangu arudi kutoka hospitali, mama haniiti tena. Akishikwa na kiu anangoja mpaka nitakapochungulia. Juzi nilimkuta amejilowanisha, ametulia tuli, akanitazama kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Amejua, Dada, na ameamua kunifichia. Hilo siwezi kulibeba.

Njoo umchukue. Usingoje likizo. Nimekwisha kufunga nguo zake na dawa zake, na kwenye kila chupa nimeandika saa ya kumpa. Ukija usiniulize kitu mbele yake, nipige ukitaka, ila tukiwa nje.

Nisalimie sana shemeji na watoto, na mshonaji naye anakusalimu. Mama pia anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alisema maneno mengi zaidi ya hayo, mpaka akatokwa na machozi, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa kwamba nimesikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba