Mipira Miwili ya Filta

Kiranjeranje,
Tarehe 18 Agosti

Kaka yangu mpendwa Ignatius,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naamini Yasini wa boti, anayekuletea barua hii, atakukuta wewe, wifi Marietha na watoto mkiwa wazima huko Songo Songo, na kwamba kile kikohozi cha mtoto wenu mdogo kimeisha kwa dawa mliyopewa. Sisi huku tunaamka na tunakula. Mihogo imekubali mwaka huu na ufuta wote umeshatoka shambani. Afya ya mwili tunayo, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Nilikupigia mara mbili wiki iliyopita. Ulipopokea nikakuuliza bei ya samaki, halafu nikaaga. Sikuweza kusema. Tafadhali soma ukiwa peke yako kwanza, kisha umwonyeshe wifi ukipenda.

Ni habari ya pikapu ya Baba. Najua unafikiri habari hiyo imeisha, kwamba injini ilikufa kwa oili feki na aliyetuuzia oili ameshapata alichostahili. Mimi pia niliamini hivyo, au nilijilazimisha kuamini. Wacha nikueleze tangu mwanzo, maana kuna mambo hukuambiwa.

Unamjua Baba na lile gari. Miaka thelathini na moja aliendesha magari ya misheni, na hata siku moja hakumruhusu mtu mwingine amwage oili. Sote tulilala chini ya gari pamoja naye tulipokuwa wadogo, wewe ukishika beseni, mimi nikishika tambara. Alikuwa akituambia kwamba mwenye gari asiyeijua oili yake ni abiria tu. Basi mwaka jana nilianza kuwa abiria. Pale Nangurukuru, karibu na njia panda, Likwata alifungua kibanda cha kubadilisha oili. Ana shimo lililojengewa saruji, ana taa, na kabla hujamaliza chai ya mkewe Biasha kazi imekwisha na stika imebandikwa kwenye kioo, imeandikwa kilomita za kurudi tena. Mimi nina ufuta wa kupeleka ghalani, nina kuku, nina kwaya. Baba alikuwa akichukua siku nzima kwa kazi hiyo, tena siku hizi alikuwa anaacha oili nyingi chini kuliko ndani ya beseni. Nikawa napitia kwa Likwata kimyakimya. Nikifika nyumbani naibandua stika kabla sijashuka.

Mwezi wa sita nilisahau kuibandua. Katekista alikuja kumsalimia Baba, akaisoma kwa sauti akidhani anasifia gari. Kaka, Baba hakula siku ile. Aliniambia kwamba nimempa mgeni nafasi ya kutia mkono ndani ya gari lake akiwa bado hai, na kwamba oili iliyomo lazima itoke yote na ataitoa yeye. Nilimwambia haijatembea hata wiki tatu. Akaniagiza oili mpya na filta mpya. Nilivinunua kwa Likwata huyo huyo, maana ndiye niliyemwamini.

Jumamosi akapandisha matairi ya mbele juu ya magogo mawili, akaingia chini. Hakutaka nimshikie tochi. Alikaa huko tangu asubuhi mpaka karibu adhana ya adhuhuri ilipotoka upande wa sokoni. Alipotoka alikuwa mweusi hadi kwenye nyusi, na uso umefurahi kama zamani. Aliwasha gari, akasikiliza, akasema sasa hiyo ndiyo injini.

Jumatatu nikapakia magunia sita ya ufuta, nikampakia na Shangazi Yustina aliyekuwa na miadi hospitalini Lindi. Tulipokuwa tunaukaribia mto Mbwemkuru taa nyekundu ya oili iliwaka. Nilikuwa kwenye mlima, nyuma yangu kuna lori la mchanga limenibana, nikasema nifike juu kwanza ndipo nisimame. Hatukufika juu. Injini iligonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, mara tatu, ikakata. Gari likaanza kurudi nyuma. Dereva wa lori alikwepa kwa namna ambayo mpaka leo sielewi, akaparuza kioo cha pembeni upande wa Shangazi. Shangazi hakupiga kelele. Alinishika mkono tu, akaendelea kuushika hata gari liliposimama kwenye tuta la udongo. Yeye mzima, ila miadi yake ilipita na mguu ukamvimba wiki nzima.

Gari lilivutwa hadi Lindi kwa fundi Ahmadi, naye akasema ana magari manne mbele yetu. Wiki zile za kusubiri ndizo zilizotuharibu. Baba alisema ni oili feki. Alinitaka nimpeleke Nangurukuru, na pale mbele ya madereva na akina mama wa mihogo akamwita Likwata mwizi na muuaji. Nilipokupigia kukueleza, siku ile ile ulirekodi sauti yako mwenyewe, ukaituma kwenye kundi la wazazi wa shule na kwenye kundi la ukoo, ukisema watu wote wa Kilwa wasipeleke magari pale. Ulisema kwa uchungu wa mtoto, sikulaumu. Lakini wewe ni mwalimu, na sauti ya mwalimu huaminiwa. Ilinirudia mimi mwenyewe kutoka kwa watu nisiowajua. Kufikia mwisho wa mwezi hakuna gari lililoshukia kwenye lile shimo. Mtu alivunja kibao chake kwa mawe. Watu waliacha hata chai ya Biasha, kana kwamba nayo ina oili.

Walikuja nyumbani, Likwata na mkewe, wakiwa na galoni la oili ile ile, halijafunguliwa. Alimwomba Baba alipeleke kwa fundi yeyote amtakaye likapimwe. Alisema oili hiyo ndiyo anayotia kwenye pikipiki yake mwenyewe. Kaka, alimwamkia Baba shikamoo mara mbili, na Baba hakuitikia. Alikuwa ameketi ameelekea ukutani. Mimi nilisimama mlangoni na sahani ya karanga niliyotaka kuwakaribishia, nikairudisha jikoni. Juma lililofuata tukasikia wamefunga, wamerudi kwao Kipatimu.

Sasa nisikilize. Tarehe mbili mwezi huu Ahmadi alinipigia, akaniambia niende mwenyewe Lindi, asingependa kulisema kwa simu. Nilimkuta ameweka filta yetu juu ya gazeti. Kwanza alinionyesha oili kidogo iliyobaki ndani ya injini, akaisugua vidoleni, akasema hii ni oili safi, haina kasoro yoyote. Halafu akanionyesha mipira miwili, ile ya duara inayokaa mdomoni mwa filta. Filta ina mpira mmoja. Ya zamani ikifunguliwa, wakati mwingine mpira wake hubaki umeganda kwenye injini, na anayefunga lazima aangalie na autoe kabla ya kuweka mpya. Aliyefunga hii yetu hakuutoa. Mpya ukakaa juu ya wa zamani, na injini ilipopata kazi ya mlima mpira mmoja ukachomoka na oili yote ikamwagika barabarani. Nilimuuliza kama kosa ni la kufanya kazi hiyo nyumbani. Akasema hapana, wapo wanaoifanya vizuri chini ya mkorosho, na wapo wanaoiharibu juu ya saruji. Kinachotakiwa ni mtu anayeona. Kisha akaniuliza nani aliyefunga filta ile.

Nikamwambia simjui.

Nikakaa juu ya tairi. Nilifikiria kile kibao kilichovunjwa. Nilifikiria shikamoo mbili zisizojibiwa. Niliifunga ile mipira kwenye kanga, nikapanda basi, na njia nzima nilikuwa najaribu kupanga maneno ya kumwambia mzee wa miaka sabini na minne asianguke.

Nilisubiri amalize uji. Nilimwekea mipira mkononi. Aliipapasa, akaitenganisha, akaiweka mmoja juu ya goti hili na mwingine juu ya goti lile. Nikadhani sasa ataniuliza ni kitu gani. Badala yake alisema, “Ahmadi ameuona.”

Nikamuuliza, “Baba, ulikuwa unajua?”

Akanieleza polepole, bila kuficha. Usiku wa ile Jumamosi alikumbuka kwamba hakuugusa mpira wa zamani. Jumapili nilipokuwa kanisani alikwenda kwenye pipa la taka, akaitafuta filta ya zamani kwa mikono, akaipata, akapapasa mdomo wake. Haukuwa na mpira. Alitaka kunizuia Jumatatu. Lakini ili kunizuia ilimbidi aseme kwamba haoni tena hata kufunga filta, na hilo halikumtoka mdomoni. Akajipa moyo kwamba labda mpira ulidondokea mchangani. Nilipompigia simu nikiwa Mbwemkuru, akajua. Alikwenda Nangurukuru akijua. Alimtukana Likwata akijua. Aliniambia, “Niliona bora watu wamwone yeye mwizi kuliko wanione mimi kipofu.”

Baba yetu huyo. Baba aliyekurudisha kwa miguu hadi shuleni Lihimalyao kwa sababu ya kalamu moja isiyo yako. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya banda la kuku. Sikulia. Nilikuwa nimekauka. Nilitaka kumchukia kwa siku hata moja tu, nikashindwa, na utanielewa kwa nini nikikueleza lililobaki. Hili hakuna aliyelijua wakati ule, hata Baba nilimweleza baadaye.

Macho yake niliyajua tangu Krismasi. Nilimwona akimimina chai nje ya kikombe. Nilimwona akimwamkia Shangazi Yustina akidhani ni mimi. Aliniapisha nisikwambie, nikaapa, na kusema kweli nilifarijika, maana ukijua ungesema aende Lindi akapimwe, na mimi nilikuwa na ufuta wa kuvuna. Na asubuhi ile ya Jumatatu, kabla sijapakia gunia la kwanza, niliona doa la oili chini ya gari. Lilikuwa bichi, pana kama sahani. Nilisimama nikaliangalia. Nilijua nani alifunga filta ile, na nilijua anaona kiasi gani. Nikachota mchanga kwa koleo nikalifunika, Baba asije akakanyaga akateleza na kujua kwamba amekosea. Sikuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Nikampakia Shangazi, nikaondoka. Kwa hiyo hata mimi nilisimama mlangoni na karanga zangu nikijua. Kaka, nisamehe. Sijui kama mimi ningejisamehe.

Jumatano tulikwenda Nangurukuru. Baba alitaka pale pale alipomtukania. Akaniomba nimshike mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulikubali, na akawaambia madereva, “Injini ile niliiua mimi. Sioni. Nilijua, na nikamwita Likwata mwizi.” Mmoja akaanza kucheka, mwenzake akamzuia. Nami nikasema langu la doa.

Kesho yake tukamfuata Likwata Kipatimu. Tulimkuta anapalilia kwa baba yake. Alisikiliza amesimama, jembe mkononi. Baba, mzee kwake, ndiye aliyeomba radhi mbele ya Biasha na wazazi wake. Likwata hakusema amesamehe. Alisema siku moyo wake ukifika hapo atatuma mtu. Lakini alipomwona Baba anatafuta kwa mkono pa kujishikiza alimwagiza Biasha alete kiti. Kisha akaniambia kwamba angeweza kurudi Nangurukuru, shimo lake bado lipo, ila sauti ya mwalimu wa Songo Songo bado inatembea kwenye simu za watu, na yeye hana namna ya kuifukuza.

Hilo ndilo ninalokuomba, kaka. Rekodi nyingine, kwa makundi yale yale. Taja jina la Baba na jina langu, usituonee haya. Likwata umtaje jina lake kamili, Mohamedi Likwata, na useme oili yake ilikuwa safi.

Jumanne nampeleka Baba hospitali ya Lindi. Mganga wa zahanati amemwangalia, anasema huenda ni mtoto wa jicho na huenda upasuaji ukamwondolea. Ukipata ruhusa shuleni, njoo tumpeleke pamoja. Tangu turudi kutoka Kipatimu anaongea kidogo, lakini anakula, na jana aliomba nimsomee Injili.

Msalimie sana wifi Marietha, wabusu watoto, wasalimie na majirani zenu akina Mwanaasha waliotuletea pweza mwaka jana. Shangazi Yustina anawasalimu, mguu umepungua. Mungu awalinde baharini na nchi kavu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Restuta

Baba anakusalimu. Nimemsomea barua hii yote, hakutaka niondoe neno. Alitaka aweke jina lake mwenyewe hapa chini. Herufi mbili za mwisho zilitoka nje ya karatasi, zipo juu ya meza yangu. Sikumwambia aandike upya.

Eusebi